Kiti cha Nyuma

Kariakoo, 12 Agosti 1973

Mdogo wangu Shomari,

Salamu zikufikie huko Kilwa kwa shangazi, pamoja na huyo anayekusomea. Hapa soko jipya bado wanajenga. Vumbi lake tunalinywa na chai.

Ile safari ya baiskeli ya kuichangia shule ya wasioona nimekwenda, hadi Morogoro, na baiskeli yetu ileile ya watu wawili. Walioniuliza kuhusu kiti cha nyuma niliwaambia mwenzangu kasafiri.

Njia nzima nikapiga kelele, “Shimo! Mteremko!” kama nilivyozoea kukuonea njia. Hakuna aliyenijibu, “Twende, kaka.” Mlima wa Kimara ulinishinda, nikashuka nikaisukuma.

Msomaji, hapa soma polepole. Shomari, siku ile nilikuita mzigo mbele za watu. Mzigo haupigi pedeli, ndugu yangu. Nisamehe.

Najua hupendi kuandikiwa majibu na watu. Ukinisamehe, weka dole gumba chini ya jina langu, uirudishe karatasi hiihii. Nafasi nimeiacha.

Kaka yako,
Bushiri