Nibe Maji au Nibe Njia

Hooyo, mama yangu mpendwa,

Leo mfereji wa hapa Garissa umekauka, na kabla sijajua nifanyalo nilikuwa nimekwisha kufunga mlango na kuuegemea. Wanangu wananicheka. Hawajui kwamba maji yakikatika mimi hurudi Modogashe, ndani ya kile kijiji cha seng'enge tulichoingizwa wakati wa vita vya shifta, jeshi lilipowasaka waasi wa Kisomali.

Wanajeshi walisema wanatukusanya ili watulinde. Ngamia wakachukuliwa, baba akapelekwa kuhojiwa, hakurudi. Atakayevuka seng'enge bila kibali, risasi. Kisima kilikuwa ng'ambo. Tulikiona kwa macho. Maji yetu yaliletwa na lori, kisha lori likaacha kuja.

Halima, mdogo wangu, alipochoka hata kulia, ulimwacha kwa jirani, ukabeba debe tupu na kunishika mkono. Nilikuvuta nguo.

"Hooyo, watatuua."

Ulizidi kunivuta. Kiganja chako kilikuwa kimelowa jasho. Hapo nikajua nawe unaogopa.

Langoni afisa, mtu wa bara, hata hakuinuka kitini. "Rudi nyuma, mama."

"Mtoto yangu nakufa. Nataka maji."

"Sheria inasema msitoke. Haisemi niwape maji."

Ulilitua debe chini. "Sheria yako nafunga kisima. Sawa. Basi kiu ya hawa watu iko juu yako. Nibe maji au nibe njia." Ulimi wako wa Kisomali uligeuza nipe kuwa nibe.

Askari mmoja akakoki bunduki. Mkojo ulinitiririka miguuni, hooyo, na sikuthubutu kutazama chini.

Afisa akasimama. "Wanawake tu, pamoja na askari. Huyu msichana atabaki hapa. Ukikimbia, shauri yake."

Wanawake wengine waliposikia wakaja na madebe yao, mkaenda, bunduki zikiwafuata nyuma. Nilisimama kando ya yule askari nikisikia pumzi zake. Ulipoinama kisimani sikukuona tena, nami nikaanza kusoma shahada kwa sauti ya chini, kama ulivyotufundisha.

Ulirudi. Halima akanywa kwa kijiko, akapona. Tangu hapo wanawake waliruhusiwa kwenda kila asubuhi, kila mara mtoto wa mtu akibaki langoni. Lori halikuja tena hadi vita vilipokwisha.

Siku hizi katiba inasema maji ni haki ya kila mtu. Nimeyasoma maneno hayo, nikafurahi kwamba uliyajua kabla hayajaandikwa. Lakini furaha yangu haidumu. Wewe ulikuwa na hofu na bado ukaenda. Mimi huogopa kwamba siku lango litakapofungwa tena, na mjukuu wangu akanitazama, nitakuta sina sauti.

Allah akurehemu kaburini mwako, hooyo. Niombee ulimi kama wako.

Mimi binti yako, uliyemwacha langoni ukamrudia