Nimekwama Mpakani

Mama Mashavu, mjukuu wangu,

Usimgombeze dereva aliyekuletea barua hii. Basi limerudi bila mimi kwa sababu ya mdomo wangu mwenyewe.

Kutoka nchi hiyo yenu nilitoka vizuri, wakanigongea muhuri, nikavuka. Nikanywa chai yao ya ng'ambo, utadhani maji ya kuoshea vikombe. Niliporudi dirishani kwenu nigongewe miezi mingine ya kukaa kwako, afisa, kijana hata ndevu hajaota, akaniuliza, "Bibi, muda wote huu unafanya nini huku?"

Ulinifundisha niseme nimekuja kutembea. Lakini mimi, na mgongo huu, nionekane mtu wa kutembea tu? Nikamjibu, "Nafanya kazi. Nalea kitukuu, nafua, napika, mama yake yuko zamu hospitali."

Akasema, "Basi lete kibali cha kazi," akanirudisha ng'ambo.

Usinicheke. Nimepata chumba nyuma ya kituo, kitanda kina kunguni, lakini si wao wanaoniuma. Kesho una zamu na hakuna wa kukushikia mtoto, na ni mimi niliyekuponza.

Mashavu halali mpaka apigwepigwe mgongoni, taratibu, si kwa haraka zako zile. Akinitafuta, mwambie bibi amekwenda kutembea.

Mimi bibi yako, niliyeshindwa kunyamaza.