Skrubu ya Shingo ya Gitaa

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Kabuchai mahindi yameanza kubeba, na nyanya yako anakusalimia sana. Umeuliza kama utupe hilo gitaa la umeme kwa sababu nyuzi ziko juu na vidole vinauma. Langu la kwanza nililitundika juu ya meko pamoja na mbegu za mahindi, nikidhani moshi utalitunza. Shingo ikapinda, nyuzi zikainuka kama zako. Fundi wa Kitale akazungusha skrubu ya shingoni robo ya mzunguko tu, akaniambia: "Rudi kesho, bana. Ukilazimisha itavunjika."

Nilirudi siku nne, nimenuna, nikingoja kwenye kibanda cha chai jirani. Kaza skrubu ya lako vivyo hivyo, mama, polepole. Msichana wa kile kibanda ndiye huyo anayekusalimia.

Babu yako