Mlima Ambao Sikuutazama

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Barua yako imetufikia hapa Maji ya Chai. Bibi yako hajambo, goti tu linamsumbua, na ule mgomba ulioupanda umeshazaa. Tumefurahi kusikia umeanza kujifunza ufundi wa ndege jeshini.

Umeniuliza Mlima Meru unaonekanaje kutoka juu, kwa kuwa mimi niliwahi kuruka. Ni kweli. Wakati wa Waingereza nilijifunza kazi hiyo hiyo katika jeshi lao la anga. Taabu za kule tuziache.

Siku moja, kiwanjani hapa Arusha, nilimaliza kufunga injini peke yangu kwa mara ya kwanza. Rubani, Mzungu mmoja mkali, akaniuliza, "Umekaza nati zote?"

"Ndiyo, bwana."

"Basi panda."

Ndiyo ilikuwa desturi yao: ndege ikijaribiwa, fundi aliyefunga injini anapanda nayo. Mguu mmoja ulikuwa tayari ndani nilipojisikia nasema, "Bwana, naomba nizirudie."

Nilijua atanitukana. Badala yake akashuka, akasimama juani, akanisubiri. Nikashika spana, nikapitia nati moja moja. Hakuna iliyolegea.

Tukaruka. Huko juu rubani akapaza sauti, "Tazama Meru!"

Sikuutazama. Nilikuwa nimefumba macho, naisikiliza injini yangu mpaka tulipogusa ardhi.

Kwa hiyo sijui unaonekanaje, mama. Siku yako ikifika, kaza zote, kisha uniangalizie.

Babu yako