Kilomita za Gari la Bakr

Mokowe, Jumapili baada ya adhuhuri

Kwako mdogo wangu Ghassan, huko Doha,

Assalaam alaykum. Kwanza nakuulizia afya yako, joto la huko na chakula chako, maana Mama halali mpaka aambiwe umekula nini, na akishaambiwa vilevile halali. Sisi tu wazima. Magoti yake yamsumbua. Yeye asema si yake, aliazima, na mwenyewe sasa ayataka. Mume wangu Mahmud akusalimu sana. Mahamri yangu hapa gatini yanunuliwa, alhamdulillahi. Mchumba wako Afra nilimwona Pate juma lililopita, amenawiri, na amenituma nikwambie kwamba yeye gari halijui, amjua mwenye gari.

Barua hii nampa Husni, asafiriye kuja huko, aje nayo mkononi. Usiulize kwa nini sikupiga simu. Simu ya hapa huongea mtu mmoja, likasikiza gati zima.

Uliniomba nikuchagulie moja kati ya magari mawili ya spoti: lile la Mombasa, lililotembea sana lakini lina waranti ya muuzaji, au hili jekundu la marehemu Bakr, lililo bandani hapa Mokowe, lenye kilomita chache na lisilo na waranti yoyote. Nilipolitoa shauri hilo nyumbani, kila mtu akawa fundi. Mahmud, ambaye maisha yake yote amepanda punda, alilizunguka gari, akayakagua magurudumu kama akaguaye kwato, akalipapasa mgongo kuona kama lina vidonda vya shogi la mizigo, kisha akatoa hukumu kwamba ni changa na halijabebeshwa mizigo. Nikamwambia kama ni hivyo alifungue mdomo alihesabu meno.

Bakr hukumjua. Alikuwa mwana wa pekee wa Bi Lubna wa Amu, kijana mrefu hata milango ya kwao aliingia kwa kuinama. Gari alilileta mpaka hapa bara, maana vichochoro vya Amu kisiwani vyapitisha punda na mwenye punda, basi. Ikawa kila alasiri avuka kuja kuliendesha, na mara nyingi mamake yu kando yake. Haukutimia mwezi, homa ikamchukua, Mungu amrehemu. Babake alikwisha kufa na mtoto hakuacha, kwa hiyo mirathi ikawa ya mama na ami yake, Bwana Khatib, na fungu la ami ndilo kubwa. Gari si shamba useme litakatwa. Bwana Khatib akataka liuzwe.

Yeye ndiye aliyenifungulia banda siku ya kwanza. Nilipomuuliza waranti, akanyoosha kidole juu akasema mdhamini ni Mola. Nikamjibu dhamana ya Mola twaitaka sote, mimi nauliza ya fundi. Hakucheka. Ndani ya gari mlinukia udi na marashi kama chumba cha harusi. Juu ya viti pametandikwa mkeka, na mbele ya usukani imewekwa kofia yake ya vito, ya kudariziwa kwa mkono, safi, kana kwamba mwenyewe ameingia msikitini mara moja. Nikaitazama namba ya kilomita, nikaitia moyoni.

Juma la pili nilirudi, nikakuta namba imepanda. Bwana Khatib akaapa kwamba ufunguo u sandukuni mwake na gari halijatoka. Nilimwamini, kwa sababu hajui hata kuliwasha. Siku ile alinipigia honi akidhani ndiyo injini.

Wanijua, jambo lisilonihusu ndilo huninyima usingizi. Ijumaa, watu walipokuwa wamelala baada ya sala na chakula, nikajibanza nyuma ya banda. Akaja Bi Lubna, peke yake, ndani ya buibui, ana ufunguo wa pili wa gari, umefungwa pamoja na wa banda. Ni mfupi, Ghassan. Alikivuta kiti mbele mpaka kifua chake kikakaribia usukani. Akalitoa gari polepole, akaenda nalo mpaka ilipo mikoko, akarudi, akaenda tena. Midomo yake yasema. Mara ageukia kiti kitupu, asikiza, atikisa kichwa.

Aliponiona hakushtuka. Akaniambia Bakr ndiye aliyemfunza, na siku ya mwisho alimuusia kwamba gari lisilotembea hufa. Akasema, kwa Kiamu chake, nti hii nzima hana kaburi la kwenda kuzungumza nalo, maana wanaume ndio huenda makaburini. Ana ndia hii fupi tu ya mikokoni. Akaniuliza kama ni wewe utakayelinunua. Nikamsaidia kulifunga banda, nikaondoka.

Sasa nisome vizuri. Ule uvumi uliokufikia mpaka Doha, kwamba gari lina jini, niliutunga mimi. Nilimnong'oneza Bi Sundus wa Siyu, nikamwapisha asimwambie mtu, na kabla ya magharibi Siyu nzima imejua. Wanunuzi wa Malindi walikuja asubuhi na kuondoka kabla ya chai yangu kuchemka. Na nilipokwambia injini yagonga, nilikudanganya. Inaguruma kama paka aliyeshiba. Nisamehe. Wewe utapata gari jingine, lakini yeye hatapata.

Ningeweza kuikomesha barua hapa, nikaonekana mwerevu.

Alhamisi iliyopita Bi Lubna alishikwa na homa. Nikavuka kwenda kumuuguza, na ufunguo akanipa nikaliwashe gari kwa niaba yake. Ijumaa yote nilikuwa kando ya kitanda chake, nikimwekea kitambaa cha maji kichwani, ufunguo u kwenye mkunjo wa leso yangu. Jana asubuhi nikaja Mokowe. Bwana Khatib tangu uvumi ule hapiti hata upande wa banda, na kufuli niliikuta ilivyo. Namba imepanda tangu nilipoitazama Jumatano. Magurudumu yana tope la mikoko, bichi. Na kiti cha dereva, ambacho Bi Lubna hukivuta mbele, kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, kimwenee mtu wa miguu mirefu.

Nilimwambia Bi Lubna. Hakulia. Aliniuliza tu kama petroli imebaki.

Basi mdogo wangu, nunua la Mombasa, lenye waranti. Kilomita za hili si chache tena, wala sijui ni nani aziongezaye. Nilitunga uongo wa jini, na sasa naona uongo huo umepata mwenyewe.

Mama akuombea dua, Mahmud akuagiza viatu, Afra hakuagiza kitu ila macho yake yaagiza. Ufikapo salama nitakupokea gatini kwa mahamri ya moto. Njia ya bandani tusipite.

Ni mimi dadako akupendaye,
Mwanamkisi