Mbwa Aliyesukumwa Getini

Nyumbani,
Jumamosi, tarehe 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Hujambo huko uliko? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona, au bado unakohoa na kujidai mzima? Sisi hatujambo. Mama anatembea bila fimbo sasa, na mdomo wake ni ule ule. Cherehani yangu inaguna lakini inashona.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya mbwa wako. Tulia kwanza: Tarumbeta yu hai na anakula. Ila sikio lake la kushoto limepungua kipande, na nimeona bora ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine likiwa limetiwa chumvi.

Wiki tano zilizopita kaka yetu mkubwa alikuja na mbwa dume mweusi, kamtoa kwenye lile ghala analolinda. Alikuwa amemfunga waya wa umeme shingoni. Mbwa ananuka kama ndoo ya mabaki iliyosahaulika juani, kupe wamejaa masikioni. Sikufichi, niliziba pua. Kaka alikuwa na wenzake wawili wa kazini. Nikamwambia, "Kaka, ngoja nimfungie Tarumbeta jikoni kwanza." Akanicheka. "Mbwa si wakwe, hawahitaji kutambulishwa. Waache wapimane."

Basi akafungua geti, akamsukuma ndani kwa kiatu, saa ile ile Tarumbeta ana mfupa kinywani. Sijui nikuelezeje. Vumbi, manyoya, na mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mnyama. Na wale wanaume watatu, watu wazima wenye watoto, wameinua simu juu ya geti wanarekodi na kushangilia kana kwamba wako uwanjani. Mmoja alicheka mpaka mate yakamchuruzika kidevuni. Hadi leo nikikaa kula namwona, nasukuma sahani pembeni.

Aliyewaachanisha ni mama. Alitoka na beseni la maji ya kufulia akawamwagia yote. Mimi, nikuambie ukweli, nilikuwa nimeganda mlangoni na mkasi mkononi. Hilo nalo linanitia kinyaa, na ni langu mwenyewe.

Kaka na wenzake waliondoka, wakatuachia yule mweusi. Daktari wa mifugo, mama mmoja mfupi asiyechekacheka, alimshona Tarumbeta nyuzi tisa. Alipomgeuza yule mweusi akakuta jeraha la waya limeoza, lina funza. Nilikimbilia nje nikatapika. Niliporudi akaniambia, "Huyu hakuja kupigana. Alikuja akiogopa." Nikaona haya.

Akatufundisha. Wiki mbili wakae mbalimbali, mmoja uani, mmoja stoo, huku tukiwabadilishia matambara yao ya kulalia ili kila mmoja azoee harufu ya mwenzake. Kisha tukawakutanisha nje ya nyumba, kwenye uwanja wa shule ambao hakuna kati yao anayeuona kuwa wake. Mimi nilimshika Tarumbeta, na jirani yetu fundi bomba akamshika Masizi, maana ndivyo mama alivyomwita yule mgeni. Tulitembea kuelekea upande mmoja, tukiachana kama hatua ishirini, kamba zimelegea. Daktari alisema ukiivuta kamba mbwa anajua una hofu. Hofu nilikuwa nayo tele, lakini mkono niliulegeza. Kila siku tulisogea kidogo. Mmoja akikaza mgongo na kutoa macho, tunageuka tunaondoka, bila kelele. Siku ya nane wakanusana mikiani, mara moja tu, tukawaita. Fundi bomba akaninong'oneza, "Dada, pumua." Kumbe nilikuwa nimebana pumzi.

Sasa wanaishi ua mmoja. Kila mmoja ana bakuli lake na pembe yake, na mifupa hawapewi wakiwa pamoja. Siwezi kusema wanapendana. Wanavumiliana, kama mama na mimi asubuhi kabla ya chai.

Jumapili iliyopita kaka akaja. Hata sikio la Tarumbeta hakulitazama. Akasema amesikia mbwa wake amenawiri, anamtaka, maana wenzake wamepata dume jingine na wanataka kuwajaribu. Alisema hayo akitabasamu. Nilisimama getini nikamwambia, "Kaka, heshima yako naijua, lakini mbwa huyu hatoki."

"Unanivunjia adabu kwa ajili ya mbwa?"

Kabla sijajibu, mama akasema kutoka kwenye kiti chake, "Si kwa ajili ya mbwa. Ile video uliwaonyesha wajukuu zangu, nao wakacheka kama wewe." Akanigeukia. "Funga geti, mwanangu."

Kaka akatema mate kizingitini, akaenda zake. Nilifunga geti. Halafu nikachukua sabuni na brashi, nikapiga magoti, nikakisugua kizingiti. Nilipomaliza nikaanza upya.

Msalimie wifi yangu na yule binti yenu mwenye mapengo. Mama anakusalimu, na fundi bomba pia. Usimpigie kaka kumgombeza. Atacheka tu, na kicheko chake sitaki kikufikie huko. Mungu akuzungushie watu wenye huruma, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda siku zote,

Fundi Cherehani