Bima Imelikubali Bega Langu

Eilif na Ragna,

Supu iko jikoni, ipasheni moto. Ragna mwanangu, mtoe mbwa nje kabla hajatukojolea zuliani.

Asubuhi watu wa bima wamepiga simu. Bosi alidai nilianguka kiwandani kwa uzembe wangu. Wao wamesema sakafu ilikuwa barafu tupu, na aliyeumia kazini hulipwa. Mshahara utaendelea mpaka bega lipone, na matibabu ni juu yao. Nimelia, kisha nikacheka peke yangu kama mwehu.

Eilif mume wangu, si ulisema nitalipwa siku samaki wakiota miguu? Haya, katafute viatu vyao.

~~Msinunue keki.~~ Nunueni, tena kubwa.

Nimekwenda kwa Turid. Naye aliumia mkono kiwandani, akanyamaza kwa kumwogopa bosi. Leo hanyamazi.

Mama